Sijambo, Daktari: Maamkizi, Rununu na Maradhi Yasiyoonekana

Adabu ya kwanza afundishwayo mtoto wa Kiswahili ni maamkizi. Aulizwapo "Hujambo?" hujibu "Sijambo" kabla hajajua neno hilo limeundwa vipi. Baadaye, akijaliwa kuingia katika darasa la isimu, huelezwa kuwa jambo linalotajwa hapo ni shida, neno zito, tukio lenye uzito wake. Na kwamba anayejibu "sijambo" kwa hakika anakanusha: mimi sina jambo. Ndivyo ilivyo pia kwa "Habari?", ambayo jibu lake ni "njema" hata kwa mtu aliyetoka makaburini. Kwetu pwani mfiwa huulizwa habari, naye hujibu "njema", akakaa kitako, akashusha pumzi, kisha akasema "ila". Msiba husimuliwa baada ya "ila".

Sina ugomvi na utaratibu huo. Unampa msemaji nafasi ya kujikusanya, na msikilizaji nafasi ya kujiandaa. Tatizo ni kwamba unahitaji muda, na daktari wa hospitali ya umma hana muda. Mgonjwa huingia, huulizwa hali, hujibu kuwa hali ni nzuri, na kabla "ila" haijafika mlangoni mgonjwa anayefuata amekwisha kuitwa. Kwa mwenye jipu au mguu uliovunjika hilo si neno. Jipu hujisemea lenyewe. Seuze yule ambaye maradhi yake hayana pa kuonekana ila katika maneno yake? Mimi nimekuwa mgonjwa wa aina hiyo. Nimetafuta tiba ana kwa ana, kisha nikaitafuta kwa rununu, na nathubutu kusema kwamba katika njia zote mbili lugha ilikuwa kizingiti kirefu kuliko nauli.

Baba yangu alifariki mwaka 2022. Baada ya arobaini nilirejea Nairobi, nikajisajili kwa shahada ya uzamili, na watu wakanisifu kwa kuwa na moyo. Mwaka uliofuata, muhula wa pili, nilianza kupotewa na usomaji. Macho yalipita juu ya mistari, nikafika chini ya ukurasa bila kujua ni nani aliyesema na nani aliyejibu. Nilirudia ukurasa mmoja wa riwaya mara tano. Usingizi ulinijia alfajiri, wakati ambapo wenzangu wanaamka. Chakula kilikuwa kama karatasi. Mwenzangu wa chumbani alidhani ni malaria, akaninunulia dawa. Mwanafunzi wa fasihi asiyeweza kusoma ni kama mvuvi anayeogopa maji: hana la kumweleza mtu, maana hata yeye haelewi.

Kilichonizuia kwenda hospitalini kwa majuma mengi ni neno "akili". Tunasema "magonjwa ya akili" na "afya ya akili", lakini katika matumizi ya kila siku akili ni kile anachosifiwa nacho mtoto anayeshika namba moja. Mwenye akili ni mwerevu. Asiye nayo ni mjinga. Basi mtu aliyefika shahada ya pili atasemaje kwamba akili yake inaumwa? Kiswahili chenyewe hakiyaweki machungu haya katika akili. Huyaweka moyoni na rohoni: moyo huwa mzito, moyo huvunjika, roho huuma, nafsi husononeka. Aliyetafsiri istilahi hizi alihamisha maradhi kutoka kifuani akayapandisha kichwani, na huko kichwani yakakutana na aibu.

Aibu hiyo ina historia. Hospitali ya Mathari, iliyo kando ya barabara ya Thika jijini Nairobi, ilianzishwa mwaka 1910 na serikali ya kikoloni ili kuwazuilia waliohesabiwa kuwa na wazimu, na ikapewa jina la Mathari mwaka 1924. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye mwaka 1953 alichapishiwa na Shirika la Afya Duniani kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na alishikilia kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra miongoni mwetu. Huwa najiuliza: mgonjwa akiulizwa hali, naye kwa adabu zake akajibu kuwa hana jambo, huzuni ya kuhesabiwa itatoka wapi? Leo Mathari ni hospitali ya kitaifa ya mafunzo na rufaa, na madaktari wengi wa fani hii wamepitia huko. Lakini katika mizaha ya mitaani jina hilo bado ni tusi. Mwambie mtu wa Nairobi kuwa unashuka Mathari uone atakavyokutazama.

Nilikwenda katika hospitali nyingine ya umma, ambayo sitaitaja. Benchi la kliniki hiyo lilikuwa kwenye ujia ambao wagonjwa wote wa siku hiyo walipita, na mhudumu alipotoka alipaza sauti: "Wa akili, mstari huu!" Tulisimama watu kama ishirini, tukajipanga macho chini. Mbele yangu alikuwa mwanamume aliyevaa suti, aliyejifunika uso kwa gazeti hadi alipoitwa. Nilikaa pale saa tatu. Huduma ya ana kwa ana husifiwa kwa utu wake, na nitaisifu hapa chini, ila iandikwe pia kwamba mgonjwa hutazamwa na wengi kabla hajatazamwa na daktari.

Daktari alikuwa kijana mwenye Kiswahili cha Nairobi. Nilimwamkia "Shikamoo" kwa mazoea ya kwetu, akacheka, akajibu "Marahaba, dada", kisha akaniuliza hali. Nikasema nzuri. Akachukua fomu yenye maswali tisa, inayotumika nchi nyingi duniani, ambayo huuliza juu ya majuma mawili yaliyopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya chakula, kujilaumu, umakini, wepesi wa mwili, na mwisho mawazo ya kufa. Kila swali lina majibu manne, kuanzia "sikuhisi hata kidogo" hadi "karibu kila siku", nayo hupewa alama 0 hadi 3. Alama zote ni 27. Fomu yake ilikuwa ya Kiingereza, naye akawa anaitafsiri papo kwa papo. Swali la pili likatoka hivi: "Unajihisi uko chini?" Nikatazama sakafu. Nilielewa alichokusudia, lakini mwili wangu ulijibu sarufi.

Kufikia swali la tano nilikuwa nimepata alama chache kabisa. Hapo daktari akaweka kalamu mezani, akanionyesha mkono wangu. Saa niliyopewa na baba nilipofuzu shahada ya kwanza ilikuwa imeteremka hadi kwenye vifundo vya vidole. "Dada," akasema, "hiyo saa uliinunua ikiwa kubwa hivyo?" Sikuwa na jibu la adabu kwa swali hilo. Nikalia, na fomu tukaianza upya. Nilitoka na dawa, tarehe ya kurudi, na jina la mnasihi, mama wa makamo, ambaye nilimwona kila baada ya majuma mawili katika chumba kidogo chenye dirisha la kutazama mwembe.

Mapema mwaka 2024 utafiti ulinitaka nyumbani, kaunti ya Kwale, kijiji kilicho mbele ya Msambweni, ili nikusanye nyimbo za wanawake kwa muda wa miezi mitatu. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 500. Kisha uvuke kwa feri Likoni, kisha matatu, kisha bodaboda. Kufanya safari hiyo kila baada ya wiki mbili kwa ajili ya saa moja ya mazungumzo hakukuwezekana. Mnasihi akasema tutatumia simu. Hakuwa mgeni wa mtindo huo. Korona ilipofunga vyuo na nchi Machi 2020, washauri nasaha wengi walihamia hewani, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya likawapokea wananchi bila malipo kupitia nambari 1199. Tangu hapo sheria nayo imejikongoja nyuma ya vitendo: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ilikuwa imekwisha kuhesabu habari za afya miongoni mwa habari nyeti, na mwaka 2023 ikaja Sheria ya Afya ya Kidijitali. Wataalamu huita huduma hii tiba-mtandao. Jina hilo halinipendezi, kwani kijijini kwetu mtandao ndio kitu cha kwanza kukosekana, lakini tulitumie.

Kila kikao kilianza kwa maswali matatu ambayo mnasihi hakuwahi kuniuliza chumbani kwake: "Uko wapi sasa hivi? Uko na nani? Nikikukosa hewani, nimpigie nani?" Nilimpa nambari ya binamu yangu wa Ukunda. Mwanzoni niliyaona kama maswali ya polisi. Halafu nikafahamu kwamba yanachukua nafasi ya macho. Chumbani alijua nilipo kwa kuwa nilikuwa mbele yake. Saa yangu iliyoteremka mkononi hakuiona tena. Hata tulipojaribu picha, aliona paji la uso na kipande cha paa la makuti, kisha picha ikaganda, na salio likaisha.

Lililonishangaza zaidi ni kimya. Katika chumba cha unasihi kimya ni kazi. Mama yule aliweza kukaa dakika nzima bila kusema, akitazama mwembe wake, nami ndani ya dakika hiyo nikafika mahali ambapo maneno hayakuwa yamefika. Kwenye simu, kimya cha pumzi nne ni hitilafu ya mitambo. "Haloo? Unanisikia? Umepotea?" Na lile lililokuwa likipanda kooni hushuka. Baada ya vikao viwili vya namna hiyo tulikubaliana kitu: nikinyamaza kwa kuwaza, nigonge rununu kwa ukucha mara mbili, ajue bado nipo. Ikawa hivyo. Kuna kikao kimoja ambacho, ukiondoa salamu, sehemu kubwa yake ilikuwa kucha.

Ila shida kuu ilikuwa nyumba yetu. Kuta za vyumba katika nyumba nyingi za makuti hazifiki paani. Upepo hupita juu yake, na sauti pia. Nikizungumza chumbani, mama yangu aliyekaa ukumbini akichambua mchele husikia kila neno. Basi nikatumia Kiingereza, ambacho hakijui. Kiingereza kilinipa faragha, kikaninyima ukweli. Nilijisikia nikitaja kifo cha baba kwa maneno ya tangazo la gazetini, sentensi safi zisizo na mtu ndani. Nikirudi kwenye Kiswahili moyo ulifunguka, na hapo hapo nikasikia ungo ukisimama ukumbini. Sijasoma mahali popote ambapo wanaoisifu tiba ya simu wamelihesabu jambo hili. Husemwa kuwa simu huficha mgonjwa asionekane kwenye benchi la kliniki. Ni kweli. Humficha kwa majirani wa hospitali, ikamfichua kwa watu wa nyumbani.

Nikahamia chini ya mkorosho, nje ya uwanja wetu, ambako mawimbi ya simu nayo ni bora. Watoto walinifuata hadi walipochoka. Siku moja, katikati ya neno gumu, mzee mmoja akapita na fimbo yake. "Hujambo, mwanangu?" "Sijambo, shikamoo." "Marahaba. Habari za masomo?" "Njema." Alipokwenda zake nilisikia mnasihi akicheka upande wa pili. "Kumbe," akasema, "ningezaliwa mzee wa kijiji usingenieleza chochote."

Ulipofika mwezi wa pili akanisomea tena yale maswali tisa, safari hii kwa tafsiri aliyoiandaa mwenyewe. La tisa lilikuwa: "Katika majuma haya mawili, umepata kuwaza kuwa afadhali usingekuwepo?" Sote tuliosoma fasihi tumelijadili swali hilo kwa utulivu mkubwa. Katika Kichwamaji ya Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1974, Kazimoto huishia kujitoa uhai, nasi darasani tulichambua udhanaishi kwa saa mbili, tukanukuu, tukatofautiana, tukaenda kunywa chai. Hakuna aliyeuliza kama katika chumba kile yuko ambaye riwaya ile ilikuwa inamhusu. Tena palikuwa na sheria. Mwaka huo wa 2024 kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa bado kinamfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, ambaye angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mahakama Kuu ilikuja kukitangaza kuwa kinakiuka Katiba tarehe 9 Januari 2025. Kuwaza si kujaribu, najua. Lakini mtu aliye chini ya mkorosho na simu sikioni hafasiri vifungu kwa makini namna hiyo. Nilimuuliza kama simu ile inarekodiwa.

Akaniambia hairekodiwi. Akanieleza pia mpaka wa siri yake: nitakalomwambia litabaki kwake, isipokuwa akiona maisha yangu yamo hatarini, hapo atampigia binamu yangu, na atanijulisha kuwa anampigia. Niligonga rununu mara mbili. Kisha nikasema: "Ndiyo. Si kila siku." Sikumwambia kwa Kiingereza.

Hakukata simu. Alinitaka nihamie mahali penye watu, nikahamia kisimani, tukaendelea kuzungumza mambo ya kawaida, hata bei ya korosho, huku akimwandikia binamu yangu ujumbe kwa simu nyingine. Binamu alifika kwa bodaboda kabla ya magharibi. Siku mbili baadaye tulikuwa Mombasa, mbele ya daktari mwingine, ana kwa ana, naye akabadilisha dawa. Kwa hivyo watu wanaponiuliza ipi bora, kuonana au kupigiana, mimi huona swali lenyewe halijakaa sawa. Simu ndiyo iliyosikia. Lakini bila binamu mwenye miguu, pikipiki ya kukodi, na daktari aliye umbali wa safari ya siku moja, ingesikia tu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwaka 2022 na kuzipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na watu. Wajibu huo ukitekelezwa nusu, kisha pengo likazibwa kwa nambari za simu, watakaoumia ni wale ambao hawana binamu Ukunda. Na wako wasio hata na rununu yao wenyewe: katika kijiji chetu si ajabu simu moja kutumiwa na mke, mume na mkwe, na inapolia anayepokea ni aliye karibu.

Baada ya safari ya Mombasa mama hakuweza tena kufichwa. Alikuja chumbani usiku, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mbona hukuniambia, mwanangu?" Nikamwambia nilidhani atasema nina wazimu. Akanyamaza, kisha akasema: "Babako alipokufa wewe hukulia. Watu wakasema una moyo. Mimi nikasema hapana, limemganda. Hicho ni kihoro. Bibi yako kilimshika alipozikwa mjomba wako, akakaa msimu mzima haoni ladha ya chumvi." Bibi, akaniambia, alitibiwa kwa kombe, akachezewa ngoma ya pepo, na dada zake wakahamia kwake wakilala naye kwa zamu. Kipi kilichomponya mama hakujali kukitenga.

Kihoro! Neno hilo nililiona katika kamusi miaka mingi, nikalipita. Tuna kihoro, jitimai, simanzi, majonzi, ukiwa, fadhaa, wahaka. Kila moja na kivuli chake. Mabango ya afya hutumia "msongo wa mawazo" kwa kila kitu, kuanzia mtihani hadi msiba. Wengine husema "unyogovu", neno ambalo nililijaribu kwa mama akaniuliza ni mboga gani. "Sonona" lina mizizi kwetu, kwa kuwa kusononeka tunakujua, na mimi naliunga mkono; lakini nalo huhitaji kusindikizwa na maneno ya nyumbani. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alipoanzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006 huko Mbare, Harare, alianza na bibi 14 wa jamii, nao walitumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, badala ya kumtwisha mgonjwa jina la kitabuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokaa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hapa kwetu Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, ilhali fomu ya maswali tisa niliyoulizwa mimi ilitafsiriwa na daktari mwenyewe, kwa haraka, kadiri ya Kiswahili alichojaliwa. Idara zetu huzalisha tasnifu za istilahi kila mwaka, za tarakilishi, za sheria, za kilimo. Sijui ni kwa nini chumba hiki tumekiogopa.

Nilipomtajia mnasihi neno la mama, alinitaka nilirudie taratibu. Nikasikia kalamu. Tangu hapo ana daftari analoandika maneno ambayo wagonjwa huyaleta kutoka makwao, na huwa ananipigia mimi kuniuliza tahajia, jambo ambalo nakiri hunifurahisha kupita kiasi.

Nimerudi Nairobi. Nasoma, si kwa kasi ya zamani, lakini nafika chini ya ukurasa nikijua nani kasema. Daktari humwona mwili wangu mara moja kila miezi mitatu, na mnasihi huzungumza nami kwa simu, Jumanne saa tisa, isipokuwa mwanzo wa muhula, ambapo huniita chumbani. Mama ameomba aunganishwe kwenye kikao kijacho, dakika kumi za mwisho. Anataka kuuliza kuhusu dawa inayonilaza mchana. Salio amekwisha kuliweka.